Swali Lisilokuwemo Kwenye Dodoso

Mwezi uliopita nilirudisha vifaa vya kazi ofisini, Lindi mjini: kishikwambi chenye ufa pembeni, koti la mvua, mizani ya kuning'iniza, na kitambulisho ambacho picha yake haifanani nami tena. Dada wa stoo alikagua kimoja kimoja, akanyanyua mizani.

"Baba, mbona ndoano imepinda?"

"Imepima kuni za Kilwa nzima. Hata wewe ungepinda."

Akacheka, akapokea. Ndivyo nilivyostaafu.

Ninyi wadodosaji mnaobaki mliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Vyeo nitaviruka kwa sababu sikuwa navyo, na posho mnaijua wenyewe. Nitaandika kuhusu siku za mwanzo, kuhusu mtu aliyenifundisha kuuliza, na kuhusu swali moja nililouliza kwa miaka mingi ambalo hakuna ofisi iliyonituma niulize. Hilo la mwisho ndilo hasa ninalotaka mlijue, kwa sababu nawaachia.

Nilizaliwa Mtanda, hukohuko Lindi. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Kulikuwa na lori la korosho lililolala jirani na kwetu, na asubuhi moja nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda Mtwara. Nilipolijua hilo, nikataka kujua barabara ya baada ya Mtwara inaishia wapi, na kuanzia hapo sikukaa tena mahali pamoja. Nimekuwa utingo, mpakia magunia, muuza samaki wakavu na mpishi. Watu wakimuuliza marehemu mama, "Bakari yuko wapi?" alikuwa anajibu, "Mkimwona, mniulizie."

Kazi ya utafiti ilinikuta Songo Songo. Nilikuwa napikia mafundi waliokuja kufanya kazi kwenye mitambo ya gesi. Siku hiyo akashuka kwenye boti mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mpole, miwani imejaa chumvi. Alitaka kujua watu wa kisiwani wanapikia nini, wakati gesi inatoka chini ya miguu yao. Msaidizi wake alikuwa ametapika njia nzima, na alipokanyaga mchanga alisema hahoji mtu, anangoja boti ya kurudi. Mwanafunzi akauliza kama kuna mtu anayejua kusoma na mwenye nafasi. Wali ulikuwa umeshaiva. Nikavua aproni.

Nyumba ya kwanza tulimkuta mama anapara samaki pembeni ya moto wa kuni. Nikakaa, nikasoma karatasi kama ilivyoandikwa: "Je, chanzo kikuu cha nishati ya kupikia katika kaya yako ni kipi?"

Mama akautazama moto, akanitazama mimi. "We mtoto, macho yanakuuma?"

Mwanafunzi akaninong'oneza nisome majibu ya kuchagua. Nikasoma: umeme, gesi, mafuta ya taa, mkaa, kuni, kinyesi cha wanyama. Nilipofika kwenye kinyesi mama akasimama, na kisu cha samaki mkononi. Tuliiandika ile kaya kuwa imekataa kuhojiwa. Mimi naona sisi ndio tuliofukuzwa.

Ila jioni ile, nikiosha masufuria, nikagundua nimefurahi. Nilikuwa nimepata kazi ambayo mtu analipwa kwa kuingia nyumba za watu na kuuliza mambo yasiyomhusu. Mimi nilikuwa nayafanya hayo bure tangu utoto.

Aliyenifundisha kuifanya vizuri alikuwa Mzee Likwata wa Kilwa Kivinje, aliyekuwa amehoji watu tangu enzi za kalamu ya wino. Alikuwa mrefu, mkavu, na alibeba kigoda chake mwenyewe kila alikokwenda. Nilidhani ni maringo. Kumbe kigoda kilikuwa kifupi makusudi, ili akikaa awe chini ya mwenye nyumba. Aliniambia, "Ukikaa juu yake atakujibu kama polisi. Ukikaa sawa naye atakujibu kama jirani. Kaa chini, atakueleza kama mtoto wake."

Alinifundisha kuandika kwa penseli, maana mvua ya vilima vya Matumbi haina heshima kwa wino. Alinifundisha nimalize salamu zote, mpaka za mbuzi, kabla sijafungua mkoba. Nikiuliza swali nizoee kunyamaza, kwa sababu mtu akijibu haraka huwa anakujibu wewe, lakini ukimwachia nafasi anajijibu mwenyewe. Na mtu akikudanganya kwa adabu, usimkamate. Andika alichosema, kisha tazama ukuta, tazama mafiga, tazama miguu ya watoto.

Mambo niliyouliza kwa miaka yote hiyo hayakuwa na mpaka. Mwaka huu unauliza mtoto anasoma maneno mangapi, mwaka unaofuata unarudi nyumba ileile kuuliza simu ina laini ngapi, halafu unarudi tena kuuliza kuni zinatoka wapi. Nimekwenda na watu wa elimu waliotaka kujua kwa nini darasa linapungua msimu wa korosho. Nimekwenda na watu wa teknolojia waliotaka wavuvi wa Kivinje waangalie hali ya bahari kwenye simu. Wavuvi waliangalia simu, kisha wakatoka nje kuangalia bahari. Nimeona shule iliyoletewa kompyuta kabla ya umeme, na mwalimu mkuu akazifunika kwa vitambaa vya kufuma, zikapendeza sana. Kwa watafiti hizo zilikuwa fani mbalimbali na ofisi tofauti. Kwa wenye nyumba nilikuwa mtu mmoja, Bwana Maswali, ambaye haridhiki.

Sasa nakuja kwa Dokta Anitha.

Alikuwa mtu wa Bukoba, mhadhiri, na alitembea haraka kuliko gari letu, jambo ambalo kwa barabara ya Kipatimu, kule Matumbi, si sifa kubwa. Alitaka kujua jambo moja: mtoto akipata taa ya jua ya kusomea, na mama yake akipata jiko lisilo na moshi mwingi, je, mtoto atasoma vizuri zaidi? Humo ndani mlikuwa na elimu, teknolojia na nishati kwa pamoja, na mimi nikaona hatimaye kuna mtafiti anayeiangalia nyumba kama mwenye nyumba anavyoiona. Tukachagua kijiji kimoja huko vilimani, mbele ya Kipatimu. Jina silitaji, maana wenyewe wapo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwapima watoto kusoma. Mtoto anakaa mbele yako, unampa hadithi fupi, anasoma kwa sauti mpaka saa ilie. Hadithi yetu ilimhusu mbuzi aliyepotea. Watoto wengi waliisoma kama wanavuka mto kwa kukanyaga mawe. Akaja binti wa darasa la tatu, Zaituni, mwembamba, ana kovu dogo juu ya jicho. Akasoma kama anaongea. Saa ikalia katikati ya sentensi. Nikanyoosha mkono nichukue karatasi, akaishikilia.

"Huyo mbuzi alirudi?"

"Muda umeisha, mwanangu."

"Muda umeisha, lakini alirudi?"

Sheria ilikataza kuongea na mtoto nje ya maelekezo. Nilimtazama Dokta. Dokta akatazama juu, kama mtu anayekagua bati. Nikamwachia Zaituni amalize kusoma. Mbuzi hakurudi. Hadithi iliishia kwa mwenye mbuzi kuuliza majirani, basi. Iliandikwa na kamati.

Pale nje alikuwa anamsubiri mama yake, Bi Somoe, mjane, mwenye sauti inayofika bondeni. Akatusalimia vizuri, kisha akauliza mbele ya wazazi wote, "Matokeo yanatoka lini?"

Nikamweleza kwamba huu si mtihani. Tunapima hali ya usomaji kwa jumla, jina la mtoto haliandikwi, hakuna kufaulu wala kufeli. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa baba. Kwa hiyo lini?"

Tukagawa taa na majiko. Miezi ikapita, tukarudi kuangalia. Mtendaji wa kijiji alitangaza siku ya ujio wetu, na tulipofika kila nyumba jiko jipya lilikuwa linawaka. Dokta alifurahi. Nikapima kuni kwa mizani, zilikuwa chache ajabu. Jioni tukashuka Kipatimu kulala, na asubuhi nikagundua nimeacha mizani kwa Bi Somoe. Tukapanda tena. Hodi, karibu, tukaingia jikoni. Chungu kilikuwa juu ya mafiga ya zamani, moshi umejaa mpaka kwenye makuti. Jiko letu lilikuwa kwenye kona, na ndani yake kuku alikuwa anaatamia.

Yule kuku hakuonyesha dalili yoyote ya kuhamia jana yake.

Dokta akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mdomo wa jiko, akakiangalia. Hakikuwa na masizi ya kutosha hata kuchafua ukucha. "Mama," akasema taratibu, "jana lilikuwa linawaka."

"Jana mlikuwa wageni," Bi Somoe akajibu. "Leo mmefuata mizani."

"Sasa kwa nini mnaliwasha tukija?"

Bi Somoe alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosa malezi. "Mwanangu, mtu akikupa kitenge, siku akija kukutembelea utavaa hicho kitenge au utavaa tambara? Umelileta, umekuja kuliona, nikuonyeshe liko baridi? Tungekuwa watu gani?"

Ndivyo walivyo watu wa kule, na sisi wa pwani hatuwapiti mbali. Mgeni haaibishwi na mwenyeji haaibiki. Kuku alitolewa kwa heshima na kurudishwa kwa heshima, kwa kuwa tulitoa taarifa. Tulikuwa tumepima adabu ya kijiji kizima kwa mizani ya kuni.

Dokta Anitha alikaa kwenye mfuko wa mpunga akacheka mpaka akafuta machozi kwa ukosi wa blauzi. Wengine wangekasirika, au wangeandika matokeo yalivyoonekana jana. Yeye alisema, "Kaka Bakari, kuanzia leo hatutangazi siku." Akaenda kwa mtendaji akaomba kibali cha kuja wakati wowote, na akaanza upya. Jiko hatimaye lilibainika kuwa zuri kwa chai na baya kwa ugali, kwa sababu sufuria kubwa ilitikisika. Taa zilisaidia, pale zilipobaki nyumbani. Nyingine zilihamia mashambani, kwenye vibanda vya kulindia nguruwe pori, na huko nako zilifanya kazi nzuri.

Lakini kila nilipofika kijijini, kwa kazi yoyote, Bi Somoe alikuwa na swali lake. Nikija kwa mambo ya simu, yuko kisimani na wenzake: "Bwana Maswali, matokeo ya Zaituni?" Nikija kwa mambo ya umeme wa jua, yuko gengeni: "Matokeo bado tu?" Nami nasimama, namweleza upya. Si mtihani. Haliandikwi jina. Anaitikia. Wakati wote huo shemeji yake, Mzee Mbonde, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, huwa hakai mbali, anasikiliza huku anachonga mpini.

Iliniuma. Nilijiona tapeli anayechukua maneno ya watu na kuondoka nayo. Nikamwandama Dokta: tuwapelekee mrejesho, tuwaambie tulichokiona. Alikubali tangu mwanzo, lakini kupata gari na kibali kulichukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe. Zaituni akafika darasa la saba, akafanya mtihani, ule wa kweli, akachaguliwa kwenda sekondari ya kata iliyo mbali na kijiji. Ndipo sisi tukawa tayari. Nilikwenda nimekaa mbele, nimejiona mtu mwema.

Tulifika alasiri. Mkutano ulikuwa kesho yake. Tulikuwa tunashusha mabango nyumba ya wageni ya shule, Bi Somoe akaja na sinia la mihogo. Akaliweka chini. Hakusalimu, na kwa Bi Somoe hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Bakari, nani kakutuma ulete matokeo?"

Nikashangaa. "Si wewe, Bi Somoe? Miaka yote hii unauliza."

"Nimeuliza. Nilisema nataka jibu?"

Dokta akaweka bango chini.

"Mtihani gani usioandikwa jina?" Bi Somoe akaendelea, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Umenieleza siku ya kwanza, nimekuelewa siku ya kwanza. Mimi si mjinga. Lakini shemeji yangu yule anaamini. Tangu mtoto alipotolewa unyago anasema akae nyumbani. Nikamwambia, shemeji, huyu kapimwa na watu wa chuo kikuu, wanamfuatilia, ngoja matokeo yao. Akangoja. Sasa kuna kijana wa Chumo ameleta posa, ana pikipiki, ana mikorosho, hana ubaya. Shemeji kasema, matokeo yakija tu tunajibu posa. Na ninyi mmeyaleta. Na mabango juu."

Nikaangalia sinia la mihogo, lilikuwa rahisi kuangalia kuliko uso wake.

"Mama," Dokta akasema, "siwezi kuudanganya mkutano."

"Sijakwambia udanganye. Nimekwambia ungechelewa." Akajifunga kanga vizuri, akatuambia tule mihogo ikiwa ya moto, akaondoka.

Asubuhi kijiji kizima kilikuja. Dokta alieleza vizuri, kwa picha alizochora mwenyewe: taa, majiko, watoto wangapi wanasoma bila kukwama na wangapi wanakwama. Alipomtaja kuku watu wakapiga makofi, maana kila nyumba ilikuwa na kuku wake. Kisha akauliza kama kuna maswali, na Mzee Mbonde akasimama, kofia mkononi.

"Dokta, mimi si mtu wa maneno mengi."

Watu wakaguna. Akawangoja watulie.

"Mimi nalea binti wa marehemu mdogo wangu. Mlimpima. Tukaambiwa tungoje. Tumengoja kwa heshima zote, hakuna aliyewasumbua. Shule waliyompa ni mbali, mtoto atapanga chumba kwa watu, na yanayowapata wanaopanga vyumba kila mtu hapa anayajua. Mimi sitaki aharibikiwe mikononi mwangu, nitamwambia nini baba yake kaburini? Kwa hiyo niambie mbele za watu. Matokeo yametoka? Kama yametoka, shughuli yenu kwake imekwisha, na sisi tuendelee na za kwetu."

Nilimtafuta Bi Somoe kwa macho. Alikuwa amekaa na kinamama, anatazama vidole vya miguu yake. Zaituni alikuwa nyuma yake, amesimama, hatazami chini.

Dokta Anitha akatoka mbele kwenye meza, akaenda mpaka alipo yule mzee, akachuchumaa chini, yeye na suruali yake ya ofisini, akawa chini ya magoti ya mzee. Mzee Likwata alikuwa ameshafariki, na sidhani waliwahi kukutana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Matokeo ya mtoto mmoja mmoja hayapo, baba. Hayakuwepo na hayatakuja. Sitaki uondoke hapa umedanganywa." Nikasikia kinamama wanavuta pumzi. "Lakini umesema shughuli yetu kwake imekwisha. Haijaisha. Mimi nimemwona akiwa darasa la tatu anasoma kuliko watoto wa mjini, akakataa kutupa karatasi mpaka ajue mbuzi alirudi au hakurudi. Nataka kujua ataishia wapi. Hakuna ofisi iliyonituma hilo, nataka mwenyewe. Kwa hiyo nitakuja nikuulize. Wewe, si mwingine, kwa sababu wewe ndiye mzazi. Nisipokuja mimi atakuja Bwana Maswali. Swali letu litakuwa moja: Zaituni yuko wapi? Na wewe utatujibu kama mwenyeji anavyomjibu mgeni."

Mzee Mbonde akaigeuza kofia. "Mtakuja lini?"

"Sijui, baba. Safari hii hatutangazi siku."

Kicheko kilianzia kwa kinamama. Kilianza kidogo, kikapanda, mpaka mwenyekiti akafuta macho. Kila mtu alikuwa ameelewa, na Mzee Mbonde alielewa kabla ya wote. Mgeni anayetangaza siku unamwashia jiko asubuhi hiyo. Mgeni asiyetangaza, jiko inabidi liwake kila siku.

Mimi nilikuwa nimeshika bango mpaka limekunjamana. Mzee Mbonde akavaa kofia.

"Hawa watu," akauambia mkutano, "wamemfukuza kuku kwenye jiko moja kwa moja." Akakaa. Jioni posa ilirudishwa kwa maneno mazuri, na kijana wa Chumo alioa kwingine, na hana kinyongo, ndiye anayenipakia kwenye pikipiki yake nikienda huko.

Tulishuka mpaka lami ya Nangurukuru. Hapo Dokta akasema, "Kaka Bakari, sasa tumejifunga."

Tulijifunga kweli. Yeye alikuja alipoweza, mara mbili akiwa likizo yake. Mimi nilikuwa karibu zaidi, na sikuwa mtu wa kukaa. Nikitumwa vilimani kuuliza habari za pesa za kwenye simu, nikimaliza napita kwa Mzee Mbonde. Nikitumwa kuhesabu paneli za jua, napita. Nimepita kwenye mvua, nimepita mwezi wa Ramadhani nikanyimwa maji na kupewa mkeka. Sikuwahi kutoa taarifa.

Mara ya kwanza alinijibu bila kuinua kichwa. "Yupo shule."

"Anaendeleaje?"

"Si nimekwambia yupo?"

Mara ya pili nilimuuliza yuko kidato cha ngapi, anakaa wapi, nani anamwangalia. Hakujua, na nikaona jinsi kutokujua kulivyomkera. Mtu wa heshima, kaulizwa na mgeni uani kwake, hana jibu. Niliporudi tena alikuwa amekwenda mwenyewe mpaka shuleni, kwa miguu na kwa kudandia magari ya machungwa. Amekutana na mwalimu wa darasa, amekagua chumba, amemhamishia binti kwa mke wa shehe wa msikiti wa pale kwa sababu mlango wa chumba haukuwa na komeo. Akanieleza yote hayo kwa kunikaripia, kana kwamba komeo nilikuwa nalo mimi. "Hesabu zinamtesa. Fizikia yuko vizuri. Andika."

Sikuwa na mahali pa kuandika. Swali lile halikuwemo kwenye dodoso lolote nililobeba, wala kwenye kishikwambi kilipokuja. Lakini alitaka kuona naandika, basi nilifungua mkoba nikaandika nyuma ya karatasi, kwa penseli.

Vijana wa siku hizi mtaniuliza kama huo ulikuwa utafiti. Dokta alisema si utafiti, maana tuliharibu tulichokuwa tunakipima. Alisema hivyo akiwa anatabasamu, na hakuacha kuja.

Zaituni alimaliza kidato cha nne. Alama zake zilikuwa za kawaida, fizikia ikambeba, akaenda chuo cha ufundi kusomea umeme. Sasa yuko Kilwa Masoko, anafunga paneli za jua kwenye nyumba na boti, ana ngazi yake mwenyewe. Siku moja nilimpelekea kishikwambi kile chenye ufa, hakikuwa kinapokea chaji. Akakifungua, akapuliza vumbi, akaniuliza, "Baba Bakari, wale waliomwandika yule mbuzi, bado wapo?" Nikamwambia kamati huwa haifi. Akasema akikutana nao ana neno.

Kabla ya kurudisha vifaa nilipanda Kipatimu mara ya mwisho, kwa pikipiki ya yule kijana wa Chumo, ambaye si kijana tena. Nilimkuta Bi Somoe barazani, anapembua mchele. Nywele zimekuwa nyeupe lakini sauti ni ileile.

"Bwana Maswali! Matokeo?"

"Bado, Bi Somoe. Wanasahihisha."

"Waambie wasikimbilie."

Mzee Mbonde sasa haoni vizuri, anatembea kwa fimbo. Nilikaa chini, kwenye kigoda kifupi nilichorithi kwa Mzee Likwata, nikamaliza salamu zote. Nikamweleza kwamba ninastaafu. Akageukia ndani, akaita, "Mwajuma! Njoo na kitabu."

Akatoka mtoto wa kike wa darasa la pili, mjukuu wake, kidole mdomoni. Mzee akamshika bega, akamsogeza mbele yangu.

"Huyu hamjampima," akasema. "Mnastaafu vipi na huyu hamjampima? Nani atakuja kuniuliza?"

Nikamwambia nitatuma watu. Akataka kujua watakuja siku gani, kisha akajikumbuka mwenyewe, akacheka, akapunga mkono. "Usiniambie."

Basi ndiyo hayo. Kigoda nimekiacha kwa dada wa stoo, pamoja na jina la kijiji. Mkipata kazi yoyote ya Matumbi, iwe ya simu, ya kuni au ya shule, mkimaliza piteni. Nyumba iko baada ya shule, ina mwembe mchanga na kuku wengi. Salimuni kwanza, mpaka mbuzi. Halafu muulizeni mzee: Mwajuma yuko wapi?

Msitoe taarifa.